Usiiloweke bahasha ya babu kabla hujasoma muhuri

Mzazi mwenzangu, wiki iliyopita niliahidi kuendelea na habari za madaftari na sare za shule. Zitangoja. Jumapili usiku, saa nne hivi, ujumbe uliingia kwenye simu yangu kutoka kwa mama mmoja wa Songo Songo, kile kisiwa cha Kilwa ambacho watu wa Dar es Salaam wanakijua kwa gesi tu. Aliambatanisha picha. Beseni la maji, mkasi, na bahasha kuukuu zimepangwa mkekani kama dagaa.

Akaandika: "Mwanangu yuko kidato cha pili. Kaambiwa na wenzake stempu za zamani zina pesa. Kafungua sanduku la bati la marehemu bibi yangu, anakata pembe za bahasha na kuloweka stempu zibanduke. Keshaloweka tatu. Nimwache au nimzuie?"

Nilimjibu neno moja: mzuie. Baada ya hapo nikampigia.

Nimeamua kuieleza habari hii yote kwa sababu najua hayuko peke yake. Ukanda wote wa kusini, toka Mohoro mpaka Mikindani, nyumba nyingi zina sanduku la namna hiyo, chini ya kitanda au juu ya kabati. Vijana wetu wameshaona kwenye simu kwamba stempu ya kale inauzwa. Ambacho hawajaambiwa ni kwamba mara nyingi stempu yenyewe ni ya kawaida kabisa, ilichapishwa kwa mamilioni. Kilicho adimu ni ule mviringo mweusi uliopigwa juu yake, ambao mtoto anauona kama uchafu.

Ule ndio muhuri wa posta. Kazi yake ya kwanza ni kuiua stempu, isije ikabanduliwa na kutumika mara ya pili. Kazi yake ya pili ni kusema barua imepokelewa wapi na lini. Karani aliyeupiga alikuwa anatimiza kazi ya siku, hakuwa na habari kwamba anaandika historia ya ukoo wa mtu. Mhuri huo mara nyingi nusu yake huangukia kwenye stempu na nusu kwenye bahasha. Ukikata pembe ukaitupa bahasha, umeipasua shahada katikati.

Sasa tuanze na muhuri wa kale zaidi unaoweza kukutana nao kwetu. Wajerumani walifungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, na miji mingine ya pwani ikafuata, Lindi na Kilwa zikiwemo. Mwanzoni walitumia stempu za kwao Ujerumani bila kuzibadili. Mwaka 1893 wakazipiga chapa ya thamani mpya, kwa pesa. Naam, pesa hasa, ile sarafu: pesa 64 zilifanya rupia 1. Mwaka 1901 ikaja stempu yenye picha ya meli, na watoto wengi huuliza kama hiyo ndiyo meli iliyoleta barua. Siyo. Ni jahazi la kifahari la mfalme wao, liitwalo Hohenzollern, na koloni zao zote zilipewa picha hiyohiyo. Mwaka 1905 stempu zikaanza kufuata hesabu mpya, rupia 1 kwa heller 100. Hapo ndipo tulipoipata "hela" tunayoitafuta kila siku.

Kwa hiyo kabla hata hujausoma muhuri, stempu imeshakupa mpaka. Imeandikwa "Pesa"? Basi ilitolewa kabla ya 1905. Imeandikwa "Heller"? Ni ya 1905 au baadaye. Mwaka huohuo, mwezi Julai, ndipo Vita vya Majimaji vilipoanza katika vilima vya Matumbi, nyuma kidogo tu ya Kilwa. Barua yenye muhuri wa Kilwa wa Agosti 1905 si karatasi ya kuchezea.

Muhuri wa Kijerumani kwa kawaida ni mviringo. Juu una jina la mji, chini maneno DEUTSCH-OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na katikati tarehe. Tarehe yao huandikwa kwa tarakimu tupu: siku, mwezi, mwaka. Ukiona 12/3 na 99, ni tarehe 12 Machi 1899, siyo Desemba. Majina nayo yaandikwa kwa sikio la Mjerumani. Bagamoyo ni BAGAMOJO, maana j yao husomeka kama y yetu. Dar es Salaam utaikuta DARESSALAM, neno moja. Mohoro ni MOHORRO. Mwanza ni MUANSA. Na kuna majina ambayo hayapo tena kwenye ramani, kama Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, au Bismarckburg, ambayo ni Kasanga kule Ziwa Tanganyika. Kama babu alikuwa askari au mpagazi, usishangae kukuta jina ambalo hakuna mtu nyumbani alijualo.

Muhuri mara nyingi haukupigwa vizuri. Wino umekauka, mkono umeteleza, au stempu imechukua robo tu ya duara. Usikate tamaa. Kwa pwani ya kusini wakati wa Wajerumani majina hayakuwa mengi: Kilwa, Lindi, Mikindani, Mohoro. Ukipata herufi mbili au tatu zilizofuatana, NDI au WA, umeshajua. Angalia pia umbali wa herufi na ukingo, maana jina fupi huacha nafasi kubwa pande mbili.

Simu unayosomea safu hii inatosha kwa kazi hiyo. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu nyingine, imulike bahasha kwa ubavu, siyo kutoka juu. Wino uliofifia huacha alama ya kubonyea kwenye karatasi, na mwanga wa ubavu huiinua. Piga picha, ikuze, ongeza weusi kwa programu ya picha iliyomo humohumo kwenye simu. Yule kijana wa Songo Songo alifanya hivi nikiwa kwenye laini na akapiga kelele, "Naona Lindi!"

Waingereza walipoingia, muhuri nao ukabadilika sura. Kilwa Kivinje waliichukua Septemba 1916. Tarehe hii iwekeni akilini, maana inasaidia kukamata uongo. Bahasha yenye muhuri wa Kijerumani wa Kilwa wa mwaka 1917 haiwezekani kuwa ya kweli, kwa sababu hapakuwa na karani wa Kijerumani Kilwa wa kuupiga. Na uongo upo. Baada ya vita wakusanyaji wa Ulaya walibaki na stempu nyingi za koloni ambazo hazijatumika, nyingine ziliuzwa Berlin tu na hazikupata kufika Afrika kamwe. Kwa kuwa iliyotumika kweli ilikuwa na bei kubwa kuliko mpya, watu wakachonga mihuri ya bandia wakaipiga. Ndiyo maana swali la kwanza si "ni nzuri?" Swali ni "siku hiyo, mahali hapo, posta hiyo ilikuwepo?"

Hapa nitoke njiani kidogo, maana hadithi yenyewe ni ya kwetu Lindi na sijawahi kuiona katika kitabu cha shule. Wakati wa vita vile, Waingereza walifunga bahari, na Wajerumani wakaishiwa stempu. Wakafika mahali karani anapokea fedha mkononi na kupiga chapa kwamba barua imelipiwa. Mwishowe wakaomba kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni ya Vuga, kule Usambara, kiwachapie stempu za dharura. Zikachapishwa, mwaka 1916. Lakini Machi mwaka huohuo meli iitwayo Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza na kutia nanga ghuba ya Sudi, kusini ya mji wa Lindi. Ilileta silaha na risasi, na ndani ya shehena hiyo zilikuwemo stempu. Zile za Vuga hazikuhitajika tena. Wajerumani waliporudi nyuma wakazizika ardhini Morogoro, zikafukuliwa mwaka 1921, nyingi zimeharibika kwa unyevu. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia stempu ya Vuga yenye muhuri safi wa posta, mpe kahawa, mwage.

Turudi. Kuna jambo moja linalowachanganya watoto, na watu wazima pia. Stempu za miaka ile ya vita na baada yake zina maandishi ya nyongeza yaliyopigwa juu: G.E.A., au N.F., au MAFIA. Kijana atakwambia huo ni muhuri. Siyo. Hiyo ni chapa iliyowekwa kabla stempu haijauzwa, ili stempu ya nchi nyingine itumike huku. G.E.A. ilipigwa juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda, kwa ajili ya nchi iliyotekwa kwa Wajerumani. N.F. ni ya jeshi lililotoka Nyasaland, Malawi ya leo. Na Mafia, jirani wa Songo Songo kwa upande wa kaskazini, ilitekwa mapema, Januari 1915, ikapata stempu zake yenyewe zilizopigwa chapa kwa mkono.

Utatofautishaje? Tazama ukingo wa stempu. Muhuri wa posta huvuka: unaanza kwenye stempu unamalizikia kwenye bahasha. Chapa ya nyongeza haivuki, inakaa ndani ya stempu, na kwa zile za G.E.A. inakaa mahali palepale katika kila stempu, imenyooka. Zile za Mafia, kwa kuwa ni za mkono, zinaweza kupinda, lakini nazo haziendi kwenye bahasha. Kanuni hii mfundishe mtoto wako, itamtosha maisha.

Baada ya hapo mambo ni mepesi zaidi. Mwaka 1922 Tanganyika ikapata stempu yenye kichwa cha twiga, na mwaka 1927 picha ya mfalme. Mwaka 1935 zikaja stempu za pamoja, Kenya, Uganda na Tanganyika, na hizi ndizo zilizojaa kwenye masanduku ya bibi zetu. Mwaka 1938 zikaanza za kawaida zenye sura ya Mfalme George wa Sita, na mwaka 1954 zikaanza za kawaida za Malkia Elizabeth. Sura ya mtawala inakupa mpaka wa chini: barua haiwezi kuwa ya kabla ya stempu yake. Mpaka wa juu usiuamini sana. Mtu aliweza kukaa na stempu ya mfalme aliyekufa akaitumia mwaka uliofuata, kama wewe unavyokaa na vocha kwenye pochi.

Kosa la kawaida zaidi lipo hapa: stempu imeandikwa Kenya Uganda Tanganyika, mtoto anasema barua imetoka Kenya. Stempu hiyohiyo iliuzwa Kisumu, Kampala na Lindi. Ni muhuri peke yake unaokwambia ilitoka wapi.

Muhuri wa Kiingereza nao ni duara, moja au mawili, jina juu na tarehe katikati. Mwezi huandikwa kwa herufi, na wakati mwingine mbili tu. MR ni Machi, MY ni Mei. JU ni Juni na JY ni Julai, hapo wengi huteleza. Juu ya tarehe huenda pana herufi moja au saa, hiyo ni ya mambo ya ndani ya posta. Barua ya rejista ina muhuri mkubwa wa umbo la yai, mara nyingi nyuma ya bahasha, na mistari ya penseli ya buluu iliyokatiza msalaba. Ukikuta hiyo, tambua kulikuwa na pesa au hati ndani, maana hakuna aliyelipia rejista ili kusalimia. Mihuri ya mashine, yenye mistari ya mawimbi na pengine maneno ya tangazo, ni ya miji mikubwa. Neno PAQUEBOT ni barua iliyotiwa ndani ya meli baharini, na ndiyo sababu unaweza kukuta stempu ya Uingereza imeuliwa na muhuri wa bandari ya huku kwetu. Na ukiona stempu imekatwa kwa kalamu au kupigwa mhuri wa mpira wenye jina la ofisi isiyo posta, hiyo haikusafiri popote. Ililipia ushuru wa hati, kama risiti au mkataba wa shamba, kwani stempu zile zilitumika kwa kazi zote mbili. Wanunuzi hawazithamini sana. Mimi nadhani mwenye shamba anapaswa kuzithamini.

Nirudi Songo Songo.

Yule mama, tulipokuwa kwenye simu, alikuwa na bahasha 34, ukiondoa zile tatu. Nyingi za babu yake, aliyekwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge ya Lindi, kama wanaume wengi wa pwani hiyo. Anwani zimeandikwa kwa herufi za Kizungu, kwa mkono wa karani bila shaka: kwa mkono wa mwenye duka fulani, Kilwa Kivinje, apewe fulani wa Songo Songo. Barua yenyewe ndani ni Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Babu alijua kuandika, ila si kwa namna ambayo posta ingesoma.

Ndani ya nyumba hiyo yupo shangazi yake, dada wa baba. Mtu mzima, miguu inamsumbua, anakaa barazani. Kitambulisho chake kinasema amezaliwa 1 Januari 1955. Tarehe hiyo mnaijua wenyewe, ndiyo siku waliyozaliwa wazee wote wasiojua siku yao. Na shangazi huyu amekua na maneno. Kwamba babu alikwenda Lindi akakaa huko miaka, mtoto akazaliwa nyuma yake, na hakuuliza habari wala kutuma kitu mpaka mtoto anatembea. Maneno ya aina hiyo kwenye kisiwa kidogo hayahitaji kusemwa kwa sauti. Mnayajua yanaelekea wapi.

Barua ya nne, ile ambayo mkasi ulikuwa umeishaigusa pembe, ina stempu mbili. Moja ya jahazi, ambayo kijana alisema "hili jahazi letu," na ilibidi nimkatishe tamaa kwamba lile ni jahazi la Ziwa Victoria. Sura ni ya Mfalme George wa Sita. Muhuri wa mbele ni LINDI, siku 12, mwezi unaanza na MA na herufi ya mwisho ni Y, kwa hiyo Mei. Mwaka, 5 na baada yake doa la wino. Hamsini na ngapi?

Nikamwambia geuza. Si barua zote zilizopigwa muhuri zilipofika, lakini nyingine zilipigwa, na huu wa nyuma watu huusahau kwa sababu hakuna stempu huko. Kijana akamulika. KILWA. Siku haisomeki, mwezi haujakaa sawa, lakini mwaka umetoka mzima: 51. Mbele una siku na mwezi bila mwaka, nyuma mwaka bila siku. Ukiviunganisha, barua iliondoka Lindi tarehe 12 Mei 1951.

Sikutaka tuamini upesi. Nikauliza kama ndani pana tarehe. Akaitwa mwalimu wa madrasa, jirani yao, akasoma: tarehe tatu Shaaban, bila mwaka. Hapo nikachukua kalamu. Mwaka 1951 Ramadhani iliangukia mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo Shaaban ilianza kama tarehe 8 Mei, na tatu Shaaban ni kama tarehe 10 Mei, zidisha au punguza siku moja ya mwandamo. Babu kaandika, siku mbili baadaye barua iko posta. Inakaa sawa kabisa. Mwaka 1950 isingewezekana, maana Shaaban ya mwaka ule ilianza baada ya katikati ya Mei, na barua haiwezi kupigwa muhuri kabla haijaandikwa. Mwaka 1953 Shaaban ilianza katikati ya Aprili, ingekuwa babu ametembea na barua mfukoni karibu mwezi mzima.

Mwalimu akaendelea kusoma, na yule mama akaiweka simu karibu ili nisikie. Baada ya salamu ndefu za kila mtu na jirani wa kila mtu, babu anasema amepata habari kwa nahodha kwamba mtoto wa kike amezaliwa salama. Anataja jina analotaka aitwe. Na anasema fedha anazozileta kwa mkono wa nahodha huyohuyo ni za arobaini ya mtoto, isipite hivihivi.

Jina lile ndilo jina la shangazi.

Sasa hesabu mwenyewe. Kama arobaini ilikuwa haijafika tarehe 10 Mei 1951, mtoto alizaliwa baada ya mwisho wa Machi mwaka huo. Shangazi hakuzaliwa 1955. Ana miaka karibu minne zaidi ya karatasi zake, na baba yake alimjua, akampa jina, akamtumia pesa kabla hajatimiza siku arobaini duniani. Kuna binamu yake wa Somanga mwenye kadi ya kliniki ya 1953, ambaye shangazi amemwamkia shikamoo maisha yake yote. Yule mama ameniambia binamu huyo ameshapigiwa simu na mambo yamegeuzwa.

Niliuliza shangazi amesema nini. Hakusema kitu, aliomba barua isomwe tena, kisha akaomba apewe bahasha aishike.

Kitambulisho ni habari nyingine. Sijui kama ofisi itaikubali bahasha, na sitawadanganya kwamba nimeshaona ikikubaliwa. Waende nayo pamoja na picha zake, na waache nakala nyumbani. Asili wasiiache dirishani kwa mtu.

Kwa ninyi wengine mtakaokwenda kufungua masanduku leo, machache. Msibandue kitu. Msitenganishe barua na bahasha yake, ziwekeni pamoja hata kama bahasha imechakaa, kwa sababu barua nyingi za wazee wetu hazina mwaka na bahasha ndiyo inao. Piga picha mbele na nyuma kabla ya jambo lolote, na uzitume kwa ndugu wawili ili simu ikianguka baharini zisipotee. Msitumie selotepu, baada ya miaka michache gundi yake inakula karatasi na kuacha rangi ya kahawa. Wala msiipeleke stesheneri itiwe plastiki kwa moto, hapo mmeiua. Pwani adui ni unyevu na mende. Bahasha safi ya karatasi ndani ya kopo la biskuti lenye mfuniko mkavu, juu, mbali na jua na jiko, inatosha. Na msiandike namba kwa kalamu ya wino juu yake. Penseli laini, pembeni, nyuma.

Akija mnunuzi nyumbani, na watakuja, mwulize anataka stempu au anataka bahasha nzima. Anayejua kazi atataka nzima, kwa sababu stempu iliyobanduliwa ya Mfalme George ni karibu na bure, bali bahasha nzima yenye muhuri safi wa posta ndogo ya pwani ina watu wanaoitafuta. Anayekwambia umkatie pembe tu ili ziwe nyepesi kubeba, ama hajui ama anajua sana. Hakuna haraka. Barua imekaa miaka sabini, haitaharibika ukilala nayo siku moja ukawauliza ndugu.

Msimkaripie mtoto. Yule kijana wa kidato cha pili, nilipozungumza naye, hakuwa mwizi wala mharibifu. Hakuna aliyemwambia sanduku lina nini. Sasa ameandika orodha kwenye daftari la hesabu: namba ya bahasha, mji, tarehe, sura ya mfalme, nyuma kuna muhuri au hapana. Bahasha 34, na amefika ya 19. Mbili ni za Nachingwea, miaka ile ya karanga za Waingereza, na hakuna mtu nyumbani aliyejua kama babu alipata kufika huko. Jioni mwalimu wa madrasa anakuja baada ya Isha kusoma mbili au tatu, na majirani wamezoea kukaa.

Zile stempu tatu za kwanza zimekauka juu ya gazeti. Moja ina nusu ya mviringo na herufi mbili, WA. Bahasha yake iliwashia mkaa asubuhi ileile.